Nani anapanga kiasi cha sumu kinachoruhusiwa majini

Nanogramu 4 kwa lita. Hicho ndicho kiwango cha juu cha kemikali iitwayo PFOA kinachoruhusiwa katika maji ya bomba nchini Marekani, kwa kanuni iliyotangazwa na wakala wa mazingira wa nchi hiyo, EPA, tarehe 10 Aprili 2024. Ni kiasi kidogo hata akili inakataa kukishika. Tone moja la kemikali likidondoshwa katika maji ya kujaza mabwawa 20 ya kuogelea ya Olimpiki, likakorogwa vizuri, linakupa takriban nanogramu moja kwa lita. Matone manne ndiyo mpaka.

Kazi yangu ni kupima maji katika maabara moja hapa Ohio, na nambari hiyo naiona karibu kila siku ya kazi. Watu wanaoletewa majibu yao huuliza jambo moja tu: tumepita 4 au hatujapita? Wana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu wana watoto nyumbani na bomba liko jikoni. Ila ni wachache sana wanaouliza hiyo 4 imetoka wapi. Nataka tuulize hapa, maana kabla ya 4 palikuwa na 70, kabla ya 70 palikuwa na 400, na upo mwaka ambao jimbo zima lilitangaza kwamba hata 150,000 haina neno. Kemikali ilikuwa ile ile, na miili ya wanaoinywa ilikuwa ile ile.

PFOA ni mmoja wa ukoo mkubwa unaoitwa PFAS, wenye maelfu ya kemikali. Zote zimetengenezwa na binadamu, na zote zina kitu kimoja kinachozifanya zipendwe viwandani: kaboni iliyoshikamana na florini. Huo ni mmoja wa miungano yenye nguvu kuliko yote katika kemia ya kaboni. Maji hayaupasui, mafuta hayaupasui, jua na bakteria hawauwezi. Kwa hiyo ukitaka kikaango kisichoshika mayai, koti lisilolowa, zulia lisiloshika doa, karatasi ya chipsi isiyovuja mafuta au povu la kuzima moto wa petroli, ukoo huu unakufaa. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayotutesa leo. Kitu kisichovunjika jikoni hakivunjiki mtoni wala kwenye damu, na ndiyo maana watu wamezibandika jina la kemikali za milele.

Teflon yenyewe ilipatikana bila kutarajiwa. Mkemia wa kampuni ya DuPont, Roy Plunkett, alikuwa anatafuta gesi ya majokofu mwaka 1938, akakuta gesi iliyokuwa ndani ya mtungi imegeuka unga mweupe unaoteleza. PFOA ilianza kutengenezwa na kampuni ya 3M mwaka 1947, na kuanzia 1951 DuPont ikawa inainunua kwa ajili ya kutengenezea Teflon katika kiwanda chake cha Washington Works, kando ya Mto Ohio, karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia. Ndani ya kiwanda waliiita C8, kwa sababu ya kaboni zake nane. Jina hilo ndilo wenyeji wa bonde lile wanalolitumia mpaka leo.

Kisa cha Parkersburg kimesimuliwa mara nyingi, na wengi humsimulia wakili. Mimi naanza na mfugaji.

Wilbur Tennant alikuwa na ng'ombe wake nje ya mji, katika ardhi ya ukoo, na kijito kilichoitwa Dry Run kilipita malishoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndugu yake Jim, aliyekuwa kibarua kiwandani na afya yake imeyumba, aliiuzia DuPont ekari zipatazo 66 za ardhi hiyo. Kampuni ikaifanya dampo. Baadaye kijito kikaanza kutoa povu. Ng'ombe wakawa wembamba hata wakilishwa, macho yakazungukwa na wekundu, meno yakawa meusi, midomo ikachuruzika ute, na wanyama wapole waliozoea kushikwa wakaanza kumshambulia mtu. Tennant alipoteza zaidi ya ng'ombe 150. Madaktari wa mifugo wa pale hawakutaka kujiingiza, basi akafanya mwenyewe: akachukua kamera ya video, akawapasua ng'ombe wake waliokufa, akaonyesha figo, ini na mapafu, huku akieleza kwa sauti yake alichokuwa anakiona na mahali ambapo rangi haikuwa ya kawaida. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kisu, na macho ya mtu aliyepasua ng'ombe wengi wazima maishani mwake, akijua hali ya kawaida inavyoonekana.

Ripoti ya wataalamu wa mifugo walioteuliwa na kampuni na EPA kwa pamoja ilihitimisha kwamba kosa ni la ufugaji mbovu: lishe duni, matunzo duni. Kila nikiifikiria ripoti hiyo naona hasira inapanda upya. Mtu amezaliwa kwenye zizi, amezeekea kwenye zizi, halafu anaandikiwa kwa lugha ya kitaalamu kwamba hajui kulisha ng'ombe.

Mwaka 1998 alimpigia simu Rob Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye bibi yake aliishi jirani na eneo hilo. Bilott alikuwa na kazi ya kuyatetea makampuni ya kemikali. Alipoiona mikanda ya video na picha, akakubali kesi, na mwaka 1999 ikafunguliwa. Mwaka uliofuata alikuta barua iliyotaja PFOA, kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote ya kemikali zinazodhibitiwa. Akaomba mahakama iilazimishe kampuni itoe nyaraka zote. Zikaja kurasa zaidi ya 110,000, katika masanduku, nyingine zikiwa na umri wa nusu karne, na akakaa sakafuni kuzipanga kwa tarehe.

Kilichokuwa mle ndani ndicho kinachonifanya niandike. Mwaka 1981, baada ya majaribio ya 3M kwa panya kuonyesha kasoro za watoto tumboni, DuPont iliwachunguza watoto wa wafanyakazi wake wanawake wa idara ya Teflon. Katika watoto saba waliozaliwa, wawili walikuwa na kasoro za macho. Mwaka 1984 kampuni ilikusanya kimyakimya maji ya bomba ya maeneo ya jirani na kuyapima. C8 ilikutwa katika maji ya Lubeck, upande wa West Virginia, na ya Little Hocking, ng'ambo ya mto, upande wa Ohio. Mwaka huo huo suala hilo lilijadiliwa makao makuu. Matumizi yakaendelea, na watu wa Lubeck na Little Hocking hawakuambiwa kitu.

Mwaka 1991 wanasayansi wa kampuni hiyo hiyo walijiwekea kiwango cha ndani cha maji ya kunywa: nanogramu 1,000 kwa lita. Kumbuka nambari hiyo. Hawakulazimishwa na sheria yoyote kuiweka. Sheria ya Marekani ya kudhibiti kemikali ya mwaka 1976 ilizikuta zaidi ya kemikali 60,000 zikiwa tayari sokoni na kuziacha ziendelee bila kudai zipimwe kwanza. PFOA ilikuwa mojawapo. Aliyetaka izuiwe ndiye aliyetakiwa kuthibitisha madhara, na ushahidi ulikuwa umefungiwa kwenye masanduku ya mwenye kemikali.

Oktoba 2000 wateja wa mamlaka ya maji ya Lubeck walipokea barua. Ilisema kemikali isiyodhibitiwa, PFOA, imeonekana majini kwa kiasi kidogo, na kwamba kwa mujibu wa kampuni hakuna hatari. Mmoja wa walioipokea alikuwa Joe Kiger, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Aliisoma, akaisoma tena, akaanza kupiga simu ofisi za jimbo, moja baada ya nyingine, akarushwa huku na huku mpaka akampata mtu wa EPA aliyemsikiliza. Miongoni mwa majirani wapo waliomtazama vibaya, kwa sababu kiwanda ndicho kilichokuwa kinalipa mishahara na karo za watoto wao. Kikulacho ki nguoni mwako, na si rahisi kuivua nguo yenyewe wakati huna nyingine.

Kesi ya jamii nzima ilifunguliwa 2001. Na hapa ndipo jimbo lilipoingia. Mwaka 2002 jopo lililoundwa na idara ya mazingira ya West Virginia, likiwa na watu wa DuPont ndani yake, lilitangaza kiwango salama cha C8 katika maji ya kunywa: nanogramu 150,000 kwa lita. Mara 150 ya kile ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imejiwekea miaka 11 nyuma. Kwa tangazo moja, kila bomba la bonde lile likawa salama.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kwa sababu natoka mahali ambapo nambari za maji zina historia pia. Nimekulia Usa River, chini ya Mlima Meru, na meno yangu yana ile rangi ya kahawia ambayo mtu wa Arumeru anaijua bila kuelezwa. Yetu ni floridi. Inatoka kwenye miamba ya volkano, inaingia kwenye chemchemi na visima, na haina uhusiano na kiwanda chochote. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miongo mingi iliruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, na baadaye kabisa ikafika 1.5. Hakuna aliyeamini kwamba mifupa ya mtoto wa Arumeru inavumilia kuliko ya mtoto wa Geneva. Nchi ilitazama visima ilivyonavyo, ikatazama mfuko wake, ikaona ikisema 1.5 itawafungia watu maji yote waliyonayo. Unaweza kukasirika, lakini unaelewa. Sababu ilikuwa wazi, ukichungulia kwenye kinywa cha jirani unaiona.

Naeleza haya pia kwa sababu ndugu zangu nyumbani wakisikia neno florini hudhani tunazungumzia kitu kile kile. Hapana. Floridi ni madini, hupimwa kwa miligramu, na kwa kiasi kidogo hata hulinda meno. PFAS ni kemikali za kiwandani zilizobeba florini ndani yake, hupimwa kwa nanogramu, haziachi alama kwenye meno, hazibadilishi ladha, harufu wala rangi ya maji. Kati ya miligramu 1.5 na nanogramu 4 kuna tofauti ya mara 375,000.

Kwa nini kiasi kidogo hivyo kiogopwe? Kwa sababu mwili haujui la kufanya na PFOA. Hauivunji, na figo huitoa polepole mno: huchukua takriban miaka miwili hadi minne kiasi kilichomo kwenye damu kipungue nusu. Wakati huo wewe unaendelea kunywa. Ndiyo maana mtu anayekunywa maji hayo kwa miaka, damu yake hufikia kiasi cha takriban mara 100 ya kile kilichomo kwenye maji yenyewe. Kinachoonekana si kitu kwenye glasi kinakuwa kitu kwenye mshipa.

Hilo lilijulikana kwa uhakika kwa sababu ya watu wa bonde la Ohio. Mwaka 2004 DuPont ilikubali kumaliza kesi yao kwa masharti yasiyo ya kawaida. Ilikubali kuweka mitambo ya kuchuja katika wilaya sita za maji, kulipa dola milioni 70, na kugharimia jopo la wataalamu watatu wa magonjwa ya jamii, waliokubaliwa na pande zote mbili, wachunguze kama C8 inahusiana na ugonjwa wowote. Wakiona uhusiano, kampuni isingebisha tena mahakamani kwamba kemikali hiyo inaweza kusababisha ugonjwa huo. Wasipouona, watu wasingeweza kuidai kwa ugonjwa huo. Dau lilikuwa kubwa kwa kila upande.

Fedha zile zingeweza kugawanywa, kila mtu achukue hundi yake aende. Badala yake mawakili walipendekeza zitumike kuwalipa watu dola 400 kila mmoja, waje watoe damu na kujaza dodoso la afya. Kati ya 2005 na 2006 walikuja watu wapatao 69,000. Nikiwa mtu wa maabara, najua ni kazi kiasi gani kupata watu 200 wakubali kutolewa damu. Hawa walikuwa karibu jamii nzima, wakiwemo wafanyakazi wa kiwandani na wake zao, wakipanga foleni. Kiwango cha kati cha PFOA katika damu yao kilikuwa nanogramu 28 kwa mililita. Mmarekani wa kawaida wakati huo alikuwa na takriban 4 kwa mililita. Ndiyo, na yeye alikuwa nayo. Karibu kila Mmarekani aliyepimwa na serikali amekutwa na PFAS kwenye damu.

Jopo lilichukua miaka saba. Watu waliokuwa wagonjwa walisubiri, wengine wakafa wakisubiri. Wilbur Tennant alifariki 2009. Majibu yalitoka 2011 na 2012: uhusiano wa kutegemewa na magonjwa sita, yaani saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, shinikizo la damu la wajawazito, na kolesteroli kubwa. Baada ya hapo kesi zaidi ya 3,500 za watu binafsi zikaendelea, na mwaka 2017 zikamalizwa kwa dola milioni 671. Mwishoni mwa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PFOA katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Sasa rudi kwenye ile safu ya nambari. Mwaka 2009 EPA ilitoa ushauri wa muda: 400 kwa PFOA. Ushauri, si sheria. Mwaka 2016 ikashusha hadi 70, PFOA na ndugu yake PFOS zikijumlishwa. Juni 2022 ikatoa ushauri mwingine wa muda wa 0.004 kwa PFOA, kiasi ambacho hakuna mashine ya kawaida duniani inayoweza kukiona. Na mwaka 2024 ndipo ikaja sheria yenyewe, ya kwanza ya kitaifa kwa ukoo huu wote: 4 kwa PFOA na 4 kwa PFOS, 10 kwa kila moja ya nyingine tatu, na hesabu maalumu kwa mchanganyiko.

Kwa hiyo 4 imetoka wapi? Imetoka kwetu, maabara. Katika kanuni ile ile EPA iliandika lengo la afya la PFOA na PFOS kuwa sifuri. Sifuri haipimiki. Nanogramu 4 ndicho kiasi ambacho maabara nyingi za nchi zinaweza kukipima kwa kuaminika, siku hadi siku, bila kubahatisha. Mtu anaponiambia kwa furaha majibu yake ni 3.6, nafurahi pamoja naye, lakini namweleza pia kwamba mpaka ule ni wa mashine, haukuchorwa na mwili wake.

Na kuufikia mpaka huo si mchezo. Siku ya kwenda kuchukua sampuli sivai koti la mvua, hata kama mawingu yametanda. Sivai buti zisizopenya maji. Sipaki losheni asubuhi hiyo, na chakula cha kufungiwa kwenye karatasi zenye mafuta hakikaribii gari. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba haigusi kitu, kwa sababu ni Teflon tupu. Chupa ni za plastiki ya polipropilini, za mililita 250, na kifuniko hakiruhusiwi kuwa na utando wa Teflon ndani. Nanawa, navaa glavu mpya, nafungua bomba, naacha maji yatiririke mpaka yatulie. Halafu nafanya kitu ambacho wenye nyumba hukishangaa: natoa chupa ya maji safi niliyoibeba kutoka maabara, naifungua pale pale kando ya bomba lao, na kuyamimina kwenye chupa tupu nyingine, naifunga. Maji hayo ni shahidi. Yakionekana na PFAS, basi uchafu umetoka kwangu au hewani, na majibu yote ya siku hiyo hayafai. Kisha barafu, kisha barabara, kisha siku za kuchuja na kusubiri mashine isome. Kemikali hizi zimeenea kiasi kwamba shida kubwa ya kuzipima ni kujizuia tusizipeleke sisi wenyewe.

Mama yangu, ambaye maisha yake yote ameshindana na maji ya Meru, aliniuliza kwenye simu: "Mwanangu, si wachemshe tu?" Nikamwambia, "Mama, ukichemsha inabaki, maji ndiyo yanayopungua." Klorini haiigusi. Inayofanya kazi ni mkaa maalumu wenye vitundu vidogo sana, resini za kubadilishana ioni, na mashine za RO zinazosukuma maji yapenye utando. Aliposikia mkaa akaelewa haraka, kwa sababu kule kwetu Ngurdoto wamefanya utafiti wa kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Akauliza swali la mama: mkaa ukijaa wanautupa wapi? Ni swali ambalo wahandisi hapa wanalijibu kwa mabilioni ya dola. Mkaa uliojaa lazima upelekwe kuchomwa kwenye joto kali sana au ufukiwe mahali palipozibwa, la sivyo ulichokitoa kwenye bomba la kijiji kimoja kinarudi kwenye mto wa kijiji kingine.

Gharama ndiyo hoja kubwa ya wanaopinga sheria hii, na si hoja ya kupuuza. EPA ilikadiria dola bilioni 1.5 kwa mwaka; vyama vya mamlaka za maji vinasema ni zaidi. Mamlaka ndogo yenye wateja mia chache haiwezi kununua mtambo kwa bili za wazee wastaafu. Mwaka 2023 3M ilikubali kulipa mamlaka za maji za umma zaidi ya dola bilioni 10, na DuPont pamoja na kampuni zilizozaliwa nayo bilioni 1.185. Ni fedha nyingi, na hazitoshi. Lakini naona hoja ya gharama imeanza kusomwa kutoka katikati. Mwaka 1984, wakati uchafu ulikuwa kwenye mabomba ya vijiji viwili, gharama ya kuacha ilikuwa ya kampuni moja. Kila mwaka wa kimya uliihamisha kidogo kidogo kwenda kwenye bili ya maji ya watu ambao hawakuuza hata kikaango kimoja.

Tarehe 14 Mei 2025 EPA ilitangaza kwamba itabaki na 4 kwa PFOA na PFOS, ila inataka kusogeza muda wa mamlaka za maji kutii kutoka 2029 hadi 2031, na kuviondoa viwango vya zile nyingine. Moja ya zinazotakiwa kuondolewa inajulikana kama GenX. Hiyo ndiyo iliyotengenezwa kuchukua nafasi ya PFOA, kwa kaboni chache zaidi na ahadi nyingi zaidi. Juni 2017 watu wa Wilmington, North Carolina, walisoma katika gazeti la mji wao kwamba GenX imo kwenye Mto Cape Fear wanaokunywa, ikitoka kwenye kiwanda cha Chemours, kampuni iliyotenganishwa na DuPont mwaka 2015. Mto mwingine, kaboni sita badala ya nane, na wananchi wakajua mwisho tena. Kudhibiti kemikali moja moja katika ukoo wa maelfu ni kumpa mwenye kiwanda nafasi ya kutangulia daima. Ndiyo maana naunga mkono njia ya Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norwe na Uswidi, ambazo Januari 2023 zilipendekeza Ulaya iuzuie ukoo mzima kwa pamoja na kuacha yale matumizi tu ambayo hayana mbadala. Wenye viwanda wanalipinga pendekezo hilo kwa nguvu zote, na mjadala unakwenda taratibu.

Sisi Afrika Mashariki hatuko nje ya hadithi hii. Watafiti wamezikuta PFAS katika maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na katika mfereji na kinamasi cha Nakivubo kinachopokea maji machafu ya Kampala. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zisizovunjika, tangu 2004, mkataba ambao Marekani iliutia saini lakini haijauridhia mpaka leo. Mkataba huo uliiweka PFOS kwenye orodha yake mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS, ndugu yao mwingine, mwaka 2022. Kwenye karatasi, basi, tuna wajibu tayari. Hatuhitaji kusubiri ng'ombe wa mtu waanze kufa.

Ningeanzia kwenye povu la zimamoto, kwa sababu duniani kote limekuwa chanzo kikubwa cha uchafuzi wa maji ya ardhini kuzunguka viwanja vya ndege na kambi za jeshi, na kwa sababu ni chanzo kinachohesabika. Kila kiwanja cha ndege, kila bandari na kila bohari ya mafuta ina mahali povu linapohifadhiwa na mahali linapofanyiwa mazoezi. Iandikwe orodha: povu gani, lita ngapi, la mwaka gani, limemwagwa wapi. Kisha vipimwe visima vilivyo chini ya mteremko, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, nambari na maana yake, kabla ya kikao chochote cha kukubaliana kiwango.

Kama huko uliko kuna anayeijua orodha ya namna hiyo, hata ya kiwanja kimoja, naomba aniandikie. Chupa za kuchukulia sampuli naweza kusaidia kuzipata, na namna ya kuzitumia nitaeleza hatua kwa hatua.